Sumukuvu: Ukungu, Ini na Gunia

Katika mwaka 1960 batamzinga zaidi ya laki moja walikufa nchini Uingereza kwa maradhi ambayo asili yake haikujulikana, na kwa kuwa halikupatikana ambukizo lolote la kuyaeleza, wataalamu waliyaita maradhi ya X, mpaka uchunguzi ulipofuata nyayo za chakula cha ndege wale ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na ndani ya mashudu yale ikaonekana sumu, ndiyo sumukuvu, iliyotengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu yenyewe haikuwa ngeni ulimwenguni, maana imekaa na binadamu tangu alipoanza kuweka akiba ya nafaka. Kilichokuwa kigeni ni maarifa ya kwamba unga wa kijani uonekanao juu ya punje iliyooza una uwezo wa kuua.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii si ya ndege. Katika mwaka 1981 watu 12 kati ya 20 waliolazwa hospitali kwa sumu hiyo huko Machakos nchini Kenya walifariki. Katika mwaka 2004 Makueni, Kitui, Machakos na Thika ziliandikisha wagonjwa 317, na 125 miongoni mwao wakazikwa. Na katika mwaka 2016 zamu iliwafikia wakazi wa mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafa. Jambo lililodhihiri katika misiba hiyo, na ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito unaostahili, ni kwamba aghalabu waliokufa hawakuuawa na shehena ya mfanyabiashara mwovu, bali na mahindi waliyoyalima kwa mikono yao wenyewe, ambayo huko Ukambani nchini Kenya baadhi yao waliyavuna mabichi kwa kuhofia wezi, wakayaweka ndani ya nyumba wanamolala kabla hayajakauka barabara. Sheria haifiki huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha mikrogramu 10 za sumukuvu katika kila kilo ya mahindi, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, hata ikayaruhusu tena kwa masharti baada ya siku chache zilizojaa manung'uniko. Walakini hakuna afisa wa mpakani apimaye kihenge cha bibi kizee aliye kijijini.

Wala bibi huyo hawezi kuipima kwa macho, kwa kuwa sumukuvu haina rangi inayoonekana wala harufu wala ladha, na moto wa kupikia ugali haufui dafu mbele yake. Kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu husaidia sana, na kukoboa husaidia pia, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini cha punje. Kwa hiyo dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ambayo tumeisifu miaka yote kwa lishe yake, na kwa haki, ikisagwa kutoka mahindi mabovu huwa na madhara zaidi kuliko sembe.

Mtu alaye sumu nyingi kwa mkupuo hugeuka manjano macho, hujaa maji tumboni, na huweza kufa kabla majirani hawajafahamu kilichompata. Alaye kidogo kidogo kwa miaka mingi hupata dhara lililo la siri zaidi. Ini, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kuvunja vitu vigeni vilivyoingia mwilini ili vitolewe, ndilo linaloifanya sumu hii kuwa kali: vimeng'enya vyake huigeuza ikawa kitu kinachojipachika juu ya DNA, yaani yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe hai, na mara nyingi huharibu jeni iitwayo TP53, ambayo ni mlinzi azuiaye chembe zisizaane ovyo. Nalo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon nchini Ufaransa, liliiweka sumukuvu tangu mwaka 1987 katika daraja la vitu vilivyothibitishwa kuwa vinamletea binadamu saratani.

Hapa ndipo elimu ya sumu ilipokutana na elimu ya maradhi ya kuambukiza. Huko Shanghai nchini Uchina wachunguzi waliwafuatilia wanaume 18,244 na kupima mikojo na damu zao, wakaona kwamba mwenye dalili ya sumukuvu peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara 3 kuliko asiye nayo, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B peke yake takriban mara 7, ilhali aliyekuwa na vyote viwili hatari yake ilifika mara 59. Hesabu hii hainitoki akilini, maana 3 na 7 hazifikishi 59 kwa kujumlishwa wala kwa kuzidishwa. Kwa hakika mama apelekaye mtoto wake kliniki kuchanjwa homa ya ini anamkinga pia, pasipo kujua, na sehemu kubwa ya hatari ya saratani iletwayo na mahindi mabovu.

Tuitafute sasa sumu katika chimbuko lake, ambalo ni udongo. Kuvu hii huishi juu ya magunzi na mabua yaliyobaki shambani, na jua likiunguza na mvua ikikatika wakati mahindi yanapotoa nywele, mbegu zake hupeperushwa zikaingia katika hindi kwa njia ya nywele hizo au kwa tundu la mdudu. Lakini si kila ukoo wa Aspergillus flavus hutengeneza sumu, na juu ya siri hiyo Peter Cotty wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, na baadaye Ranajit Bandyopadhyay wa taasisi ya utafiti wa kilimo iitwayo IITA huko Ibadan nchini Nigeria, walijenga dawa iitwayo Aflasafe: punje za mtama zilizouawa kwa moto zisiote, zikapakwa koo za kuvu zisizo na sumu zilizotafutwa katika nchi ile ile, hunyunyizwa shambani kilo 10 kwa hekta wiki 2 au 3 kabla ya kuchanua, na kuvu njema, kama mpangaji aliyewahi chumba, huikosesha mbaya nafasi. Sumu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Kenya huitengeneza dawa hiyo Katumani, na Tanzania ina yake iitwayo Aflasafe TZ01.

Baada ya mavuno kazi ni ya gunia. Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake walibuni kwa ajili ya kunde za Kameruni mfuko wenye tabaka tatu, mbili za plastiki nzito na moja ya nje iliyofumwa, ambao ndani yake dumuzi na fukusi humaliza hewa kwa pumzi zao wenyewe, wakanyauka, na kuvu nayo ikakosa hewa ya kukulia. Ila mfuko huo hauondoi sumu iliyokwisha kuingia, na mahindi mabichi yakitiwa humo huharibika. Yapasa unyevu usizidi asilimia 13 hivi, kipimo ambacho asiye na mtambo hukikisia tu kwa kutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, na chumvi ikigandama chupani ayarudishe juani.

Iliyobaki ni taabu ya bei. Mnunuzi asiyeiona sumu hulipa sawasawa mahindi safi na machafu, basi mkulima aliyegharamia dawa na mfuko hapati malipo ya uangalifu wake. Nchini Nigeria mradi wa AgResults ulijaribu kuiziba kasoro hiyo kwa kulipa dola 18.75 juu ya kila tani iliyotoka katika mashamba yaliyotiwa Aflasafe, na wakulima wakaipokea kwa wingi. Ni mpango mzuri kwa mwenye tani za kuuza. Kwa mwenye magunia manne ya kula na wanawe, ambaye ndiye aliyekufa Makueni na Dodoma, ziada hiyo haimhusu, na sijaona bado soko litakalomfikia pasipo serikali kumpa dawa na mfuko bure.