Boda, Probox au bweni: gharama ya kumfikisha shule mtoto mwenye mahitaji maalum Karungu

Ukimuuliza mzazi wa Sori usafiri wa mwanawe unamgharimu pesa ngapi, atakutajia nauli ya boda: hamsini kwenda, hamsini kurudi. Kwa mtoto anayejishikilia mwenyewe, hesabu hiyo ni sawa. Kwa mtoto mwenye kifafa, au asiyeweza kukaa wima, hesabu hiyo imepunja nusu, kwa sababu hapandi pikipiki peke yake. Mama humpeleka, akarudi nyumbani, jioni akaenda tena kumchukua, akarudi naye. Hizo ni safari nne.

Tuzifanyie hesabu za mwaka. Kalenda ya shule ya 2025 ilikuwa na wiki 13 muhula wa kwanza, 14 wa pili na 9 wa tatu. Jumla ni wiki 36, yaani siku 180 kabla ya kutoa mapumziko na sikukuu. Nauli ikiwa shilingi 50 kwa safari (weka ya kijiji chako, hii ni ya mfano), safari mbili kwa siku ni shilingi 18,000 kwa mwaka, na safari nne ni 36,000. Sasa linganisha na pesa za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa: 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka. Zinalipia safari mbili na chenji kubaki. Safari nne hazizifikii, hata mtoto asingekula wala kununuliwa dawa kwa pesa hizo hizo, na malipo yenyewe hayaji kila mara kwa wakati.

Mzigo huo pia hauji sawasawa mwaka mzima. Muhula mrefu kuliko yote huanza mwisho wa Aprili, na uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Familia inayoishi kwa omena huingia wiki 14 za nauli mfuko ukiwa mtupu, na barabara za udongo mweusi zikiwa tope la mvua za masika. Ndiyo maana nashauri nauli ya muhula wa pili itengwe Februari na Machi, hata ikiwa kidogo kidogo.

Kuna jambo la sheria ambalo watu hulipita kimyakimya. Sheria ya trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, naye avae kofia ya usalama. Mama akimpakata mtoto nyuma ya dereva, tayari ni abiria wawili. Kwa hiyo mtoto anayehitaji kushikwa hana namna halali ya kwenda kwa boda. Polisi huenda wasikusumbue, lakini pikipiki ikiteleza, mtoto asiyeweza kujikinga ndiye atakayeumia zaidi.

Ikiwa boda ndiyo njia pekee, usilipe kwa siku. Patana na dereva mmoja kwa mwezi, anayejulikana na mwalimu mkuu, na muandikiane hata kwenye ukurasa wa daftari. Mkumbushe kwamba ukienda na kurudi naye harudi mtupu, hivyo safari ya kurudi inastahili bei ndogo. Mkubaliane pia kwamba nauli haipandi ovyo: mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na isipobadilika, dereva hana sababu ya kubadilisha yake. Dereva yule yule kila siku ana faida nyingine: mtoto mwenye usonji humzoea, na dereva hujifunza dalili za kifafa.

Njia ninayoiona bora kwa wengi ni kuchangia Probox. Familia nne zenye watoto wa shule moja zikikodi gari kwa 400 kwa siku (mfano tena), kila moja inatoa 100, sawa na boda ya safari mbili. Mzazi mmoja hupanda na watoto kwa zamu, na wale watatu huenda sokoni au ziwani. Kiti cha magurudumu hukunjwa kikaingia nyuma, pikipiki haikiwezi. Zaidi ya yote, mtoto asiyesema hawezi kueleza kilichompata njiani, kwa hiyo asiachwe na mtu mzima mmoja tu. Sharti hilo lisiondolewe kwa sababu ya bei.

Bweni huonekana kumaliza habari ya nauli, lakini halimalizi. Kumpeleka mtoto ni nauli tatu: mnakwenda wawili, unarudi peke yako. Kumchukua ni tatu nyingine. Kwa mihula mitatu ni nauli 18, na mapumziko ya katikati ya mihula miwili ya kwanza yanaongeza 12. Nauli 30 kwa 700 kila moja, tuseme hadi Kisumu, ni 21,000, kabla ya karo, godoro na sabuni. Ni zaidi ya Probox ya mwaka mzima.

Hata hivyo, kwa mtoto kiziwi ningechagua bweni bila kusita, gharama iwe ileile au zaidi. Lugha ya ishara hujifunzwa kati ya watu wanaoitumia kutwa, na shule kama ya viziwi ya Kuja, Migori, au Lambwe, Homa Bay, zina watu hao. Kwa mtoto asiyeona kuna Kibos, na kwa mwenye ulemavu wa viungo kuna Joyland, zote Kisumu. Mtoto mdogo mwenye ulemavu wa akili, nisingempeleka mbali hivyo.

Kwa mtoto huyo, kitengo maalum katika shule ya kawaida iliyo karibu ndicho cha kuuliziwa kwanza. Anayejua vitengo hivyo viko wapi ni afisa wa kituo cha tathmini, EARC; vituo hivyo vilianzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark. Wa Karungu, Migori, waende Nyatike, na majirani wa Gwassi, Homa Bay, waende Suba Kusini. Mpaka wa kaunti haumzuii mtoto kusoma upande wa pili. Mkajiandikishe pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana huko ndiko viti vya magurudumu huombwa. Mkifanikiwa kupata viwili, kimoja kibaki shuleni, na gari litabeba mtoto tu.

Nauli hii si lazima iwe mzigo wa mzazi peke yake. Uingereza, Sheria ya Elimu ya 1996 inalazimisha halmashauri kumsafirisha bure mwanafunzi asiyeweza kutembea hadi shule kwa sababu ya mahitaji yake maalum. Kenya, Ibara ya 54 ya Katiba inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na usafiri wa umma, ila shilingi 1,420 ambazo serikali hutoa kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi hazina fungu la nauli yake. Chekechea iko chini ya kaunti, shule ya msingi na shule maalum chini ya serikali kuu. Mjue mlango wa kubisha. Wazazi wanne wa Probox waende pamoja na hesabu yao ya mwaka imeandikwa, waende kabla ya Januari, wakati bajeti ya shule bado inapangwa.