Kiambishi 'a-' na siri ya muuaji

HEBU soma sentensi hii niliyoitunga mwenyewe: "Alimfuata hadi nyumbani kwake, akasubiri alale, akaingia."

Nani kamfuata nani? Ni mwanamume au mwanamke? Na hapo 'kwake' ni kwa nani, kwa mfuataji au kwa mfuatwa? Sentensi haisemi, nawe msomaji wala huhisi kwamba umefichwa kitu. Ni Kiswahili cha kawaida kabisa, cha kila siku.

Jambo hili limenijia likizo hii ya Desemba hapa Kombani, pale barabara ya Kwale inapochepuka kutoka ile kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Nilikuja kulipa deni: mkoba wa riwaya za upelelezi nilizozikusanya kwa wauza vitabu vikuukuu, pamoja na filamu ambazo kila mwezi nilikuwa nikiziambia 'kesho'. Mpwa wangu wa Kidato cha Tatu akaupekua mkoba, akaniuliza, "Mjomba, kumbe hizi riwaya ziko kweli?"

Simlaumu. Fasili ya riwaya ya upelelezi anaijua kwa moyo, maana mwalimu kamwambia huenda ikaulizwa kwenye mtihani. Riwaya yenyewe hajaishika. Wataalamu walizitia kazi hizi katika fungu la 'riwaya pendwa', wakazitenga na 'riwaya dhati'. Mimi majina hayo hunichekesha. Tangu lini kupendwa kukawa kasoro? Na ile nyingine ikiwa ndiyo dhati, hii tuiteje, ya mzaha? Lakini kicheko kina gharama yake: kitabu kikishaitwa pendwa, ni nadra kuingia darasani, na kisipoingia darasani, mchapishaji wa huku kwetu hana haraka ya kukirudisha mtamboni.

Tunachokipoteza ni lugha. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka wa 1960. Bwana Msa, mvuta kiko, anafumbua mauaji kwa kufikiri. Ndiyo, nasaba yake na Sherlock Holmes iko wazi. Sioni aibu ndani yake. La maana ni kwamba Bwana Msa anafikiri kwa Kiswahili, na lugha hii inamfaa mwandishi wa siri kuliko tunavyokiri.

Rudi kwenye sentensi yangu. Kiambishi 'a-' ni cha mume na mke. Kile cha mtendwa, '-m-', ni vivyo hivyo, na '-ake' hakijali mwenyewe ni nani. Mwandishi wa Kiingereza anaposimulia hana budi kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike. Wa Kiarabu hata kitenzi chake kinamchongea. Wakikwepa, msomaji mjanja atanusa kwamba hapa pana jambo. Mswahili hana haja ya kukwepa. Anaweza kumtembeza muuaji kurasa mia bila kutaja jinsia yake, na sarufi imlinde.

Kauli ya kutendwa nayo inasaidia: "Aliuawa usiku." Ukitaka kumtaja mtenda utaongeza 'na', usipotaka, nukta inatosha.

Kisha kuna '-ngali-', ambayo wanafunzi huivuruga na '-nge-' kila uchao. Mpelelezi hawezi kuivuruga, kazi itamharibikia. "Angalipitia mlango wa mbele, angaliacha nyayo mchangani." Mchanga uko vile vile ulivyofagiwa jana, basi hakupitia hapo. Huo ndio uamilifu wa '-ngali-': jambo limeshapita, halikutokea, na kutotokea kwake ni ushahidi. Nadhani ukurasa mmoja wa namna hii unafundisha zaidi ya mazoezi ishirini ya kujaza mapengo.

Si zote zinazoitwa za upelelezi zinazokwenda hivi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tuliyemjua katika Kufa na Kupona (1974), ni jasusi: anakimbiza, anapiga, anaponea chupuchupu, na Kikosi cha Kisasi inampeleka hadi Kinshasa. Hapo taharuki haitokani na 'ni nani?' bali 'je, atapona?' Ni utamu wa aina nyingine, na mimi huusoma kwa kasi nyingine.

Filamu ndizo zilizonionyesha thamani ya kile kiambishi. Kamera haina 'a-'. Ikimwonyesha mtu, tumeshamjua sura, umri na jinsia. Ikitaka kuficha itabidi izime taa au ituonyeshe mkono tu. Labda ndiyo maana Nairobi Half Life (2012) ya Tosh Gitonga haijishughulishi na kuficha mhalifu. Tunaye Mwas tangu mwanzo, na swali ni vipi jiji litambadilisha.

Na Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1999 aliyoifanyia filamu Amil Shivji mwaka wa 2021, watu huisifu kwa mapenzi na siasa. Mara hii niliisoma riwaya nikimtazama Inspekta Wright, anayemwinda Denge, mpinga ukoloni. Kupeleleza ni kuchunguza kwa siri. Kitenzi chenyewe hakisemi kwamba anayechunguzwa ndiye mwovu. Humo kuna mpelelezi, kuna nyayo, kuna msako wa usiku, nawe kila ukurasa unaomba mpelelezi ashindwe.