Opereta (Kubernetes)

Opereta ni aina ya programu-jalizi inayoongezwa kwenye mfumo wa Kubernetes ili ufanye kazi za msimamizi bila kumngoja. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, huendesha kontena za programu kwenye kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake "mshika usukani".

Mbinu ya opereta ilianzishwa na kampuni ya CoreOS mwaka 2016. Msimamizi huandika hali anayoitaka, kwa mfano nakala 3 za hifadhidata. Opereta hulinganisha hali hiyo na hali halisi tena na tena. Nakala moja ikifa, huanzisha nyingine na kuipatia data.

Kwa kuwa hutenda bila kuuliza, opereta yenye kosa inaweza kufuta data kwenye kompyuta nyingi kwa mara moja. Hivyo inapaswa kupewa ruhusa zile tu inazohitaji.