Kijana Aliyerudishwa na Daktari: Safari ya Kufuatilia Jibu la Jeshi

Usiku mmoja wa Juni, katika baridi ile ambayo wakazi wa Mbeya hawahitaji kuelezwa, mama mmoja wa mtaa wetu alibisha hodi katika chumba cha kamati ya msikiti. Swala ya Isha ilikuwa imekwisha na wengi wetu tulikuwa tunavaa viatu. Alikuwa na bahasha ya kaki mkononi, na ombi ambalo hatukuwahi kuletewa. Alitaka tumkopeshe shilingi 600,000 kutoka katika mfuko wa mayatima, na alizitaka kabla ya saa nne asubuhi ya siku iliyofuata.

Mwanawe ni miongoni mwa mayatima waliosomeshwa na mfuko huo hadi kidato cha nne. Alikuwa ameomba nafasi ya kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa, akavuka usaili, akafika mbele ya daktari. Daktari alimkuta na ngiri, na katika karatasi yake pakaandikwa kwamba afanyiwe kwanza upasuaji. Siku ya tatu mama alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa usajili wa kambi ya Mafinga. Mtu huyo alilitaja jina la kijana, akautaja na ugonjwa wake, kisha akaeleza kuwa upo msamaha wa afya unaoweza kupatikana upesi, ila faili lina gharama zake.

Kilichomfanya mama aamini ni kule kutajwa kwa ugonjwa. “Ustadhi,” alituambia, “angeujuaje kama si mtu wa ndani?”

Hatuna budi kueleza kwa nini mjane muuza viazi awe tayari kujitwika deni la namna hiyo. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na kizazi cha wazazi wetu kilipita huko kwa mujibu wa sheria mpaka mafunzo hayo yaliposimamishwa mwaka 1994. Yaliporudishwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, hali ya maisha ilikuwa imekwisha kubadilika. Kijana wa leo anayejitolea hatazami jembe na gwaride peke yake. Anajua kuwa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto huwatazama sana waliopitia JKT wanapotafuta askari wapya. Matangazo ya JKT yenyewe huandika wazi kwamba kujiunga si ahadi ya ajira, lakini sentensi hiyo husomwa na wachache, na wanaoisoma huiruka. Kwa mama huyu, karatasi ya daktari ilikuwa imeufunga mlango wa pekee aliouona.

Kamati ilikaa palepale. Hatutaficha kwamba tuligawanyika. Mmoja wetu alikumbusha, na alikuwa na hoja ya kielimu, kwamba wapo wanazuoni waliomruhusu mwenye kudhulumiwa atoe mali ili aipate haki yake, dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Tulilizungumza jambo hilo kwa kirefu kuliko ilivyotarajiwa saa ile ya usiku. Jibu tulilolifikia ni kwamba ruhusa hiyo humhusu mwenye haki iliyothibiti, akazuiliwa kwa dhulma. Kijana wetu hakuwa amedhulumiwa na mtu. Alikuwa na ngiri. Kulipa ili ngiri ifutwe katika karatasi huku ikibaki mwilini ni rushwa inayochanganyika na uongo, na Mtume wetu (s.a.w.) amemlaani mtoaji wa rushwa kama alivyomlaani mpokeaji.

Aliyeumaliza mjadala hakuwa mwanachuoni. Ni mzee wetu mmoja aliyepita JKT katika miaka ya themanini, ambaye kwa kawaida husinzia kwenye vikao. Aliuliza swali moja tu: “Tangu lini kambi ikachagua vijana?”

Hapo ndipo penye ufunguo, na tungependa kila mzazi aushike. Maombi ya kujitolea na uteuzi huratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa kupitia wilaya anazoishi mwombaji. Kambi hupokea walioteuliwa na kuwafundisha. Afisa wa Mafinga, hata awe afisa wa kweli, hana orodha ya Mbeya ya kuingiza jina au kulitoa. Asubuhi yake tulimpigia simu ndugu yetu tuliyesoma naye chuoni, ambaye sasa ni katibu wa msikiti mmoja mkoani Iringa, si mbali na Mafinga. Alikwenda kuuliza, akaturudishia habari kabla ya adhuhuri: jina tulilopewa halikujulikana na yeyote aliyemuuliza. Mama alipompigia yule mtu na kumwambia kuwa kamati ya msikiti ingependa kufika ofisini kwake na fedha mkononi, simu ilikatwa. Namba hiyo haikupatikana tena. Tuliipeleka polisi pamoja na maelezo yetu. Mara nyingi jeshi limetangaza kwamba nafasi zake haziuzwi na kuwaonya wananchi juu ya matapeli, lakini onyo la redioni halina nguvu mbele ya sauti inayomwita mwanao kwa jina lake. Bado hatujui ugonjwa ule ulivujia wapi. Tunakumbuka tu kwamba vijana waliopimwa siku ile walisimama foleni moja, na kila mmoja alimsimulia mwenzake yaliyomsibu.

Utapeli ulikuwa umezuiwa, lakini kijana alikuwa bado hana jibu. Ndipo tukaamua kulifuatilia kwa njia yake. Kila wilaya ina mshauri wa mgambo, afisa wa jeshi anayeshughulikia mambo ya mgambo na vijana wanaotaka kujiunga, na ndiye mtu wa kuulizwa. Tulikwenda watatu: kijana, mama yake na sisi wa kamati, tukiwa na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule na nakala ya karatasi ya daktari. Tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba msemaji atakuwa kijana mwenyewe. Wazazi wengi hukosea hapa, na sisi tulikaribia kukosea. Mama alipofungua kinywa tu, afisa alimgeukia kijana akamuuliza, “Wewe huna ulimi?”

Kijana aliuliza maswali tuliyoyaandaa naye. Je, karatasi inasema hafai kabisa, au hafai kwa sasa? Akitibiwa, alete uthibitisho gani, na kutoka hospitali ya namna gani? Nafasi yake ya mwaka huu ingalipo au imekwenda? Afande alijibu bila kupamba neno. Ya mwaka huu imekwenda. Yeye si daktari, na alichoandika daktari hakifuti. Ngiri hutibika. Atibiwe, apone sawasawa, alete ripoti ya daktari aliyempasua, aombe upya nafasi zitakapotangazwa, na atapimwa tena kama wengine. Kisha akaongeza jambo lililotugusa: asije kila wiki, kwa kuwa tangazo haliletwi na miguu yake. Afike mara moja baada ya kupona kuonyesha ripoti, halafu asikilize matangazo.

Tulitoka pale tukiwa na huzuni, lakini huzuni inayojua ilipo. Ni tofauti kubwa na hali ya usiku ule.

Wapo wanaoamini kwamba kila jeshi lina mlango wa msamaha wa afya, kwa kuwa wamesikia habari za Marekani. Ni kweli kwamba huko kijana aliyekwama kwa daktari anaweza kuombewa msamaha. Lakini hata huko afisa anayeandikisha hukusanya karatasi za matibabu na kuzipeleka tu, na uamuzi hutolewa na mamlaka ya tiba ya jeshi lenyewe. Hapa kwetu, jambo la karibu na hilo tunalolifahamu linawahusu wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kwa mujibu wa sheria: wenye ulemavu wa viungo unaoonekana huelekezwa kuripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwapokea. Mzazi mwenye kijana wa namna hiyo asimfiche nyumbani akidhani wito haumhusu.

Na kuhusu kuficha, tuseme tena kidogo. Katika wiki ile ile baba mmoja alituuliza kama ni vibaya mwanawe asiyataje maradhi ya kifafa yaliyotulia kwa dawa. Tulimwomba afikirie kijana akianguka usiku katika mazoezi, dawa zake zikiwa zimefichwa ndani ya soksi, na hakuna mwenzake anayejua la kufanya. Hakutujibu. Tunadhani alikwenda kufikiri.

Fedha za mfuko zilitoka, baada ya kikao cha pili na kwa shingo upande kwa baadhi yetu, kuchangia upasuaji katika hospitali ya serikali. Haukuwa mkopo. Kijana alipona vizuri, alhamdulillah, ingawa alikatazwa kunyanyua mizigo kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote, maana alikuwa msaidizi wa mama yake wa kubeba magunia. Alishinda nyumbani akitazama simu. Mzee wetu yule wa JKT ndiye aliyemwondoa huko. Alimchukua awe anashika daftari la hesabu katika karakana ya seremala jirani yake, na alipopata nguvu akaanza kumfundisha randa. Sasa anatengeneza viti, na vichache vimekwisha kuuzwa.

Umri unamsukuma. Ana miaka 19, na kila tangazo huweka ukomo wake. Huenda nafasi zijazo zikamkuta ndani ya mstari, huenda zikamkuta nje. Ripoti ya daktari ameifikisha wilayani, akatia tarehe katika daftari lake na cheo cha aliyeipokea. Nakala yake imo katika bahasha ile ile ya kaki.

Mama alikuwa amekwisha kumnunulia bukta ya bluu iliyokoza na fulana ya kijani, kwa kuwa aliambiwa kwamba kambi huvitaka, pamoja na sweta nene kwa hofu ya baridi ya Mafinga. Bukta na fulana zimo sandukuni, na hataki ziguswe. Sweta kijana analivaa alfajiri anapokuja msikitini.