Si Kila Nailoni Huhifadhi Nyaraka

Neno "nailoni" hutumika katika mitaa ya Musoma na Bunda kwa karibu kila kitu chepesi kinachopitisha mwanga, kuanzia kitambaa cha meza hadi jalada la daftari la mwanafunzi, na mazoea hayo ya lugha ndiyo huwaponza watunza nyaraka, kwa kuwa plastiki ni jamii kubwa ya kemikali ambazo baadhi yake huilinda karatasi kwa miongo mingi, ilhali nyingine huila taratibu.

Kwa mkoa wa Mara jambo hili lina uzito wake. Musoma ina maktaba ya mkoa. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na palepale kijijini, Mwitongo, ndiko yaliko makazi ya Mwalimu na vitabu vyake. Karatasi nyingi za karne ya 20, hasa za magazeti, zilitengenezwa kwa mbao iliyosagwa bila kuondolewa lignini, yaani kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti. Karatasi ya namna hiyo huzalisha asidi yenyewe, ikawa na rangi ya chai na hatimaye ikakatika pale ilipokunjwa.

Plastiki zinazoaminika kwa kazi hii ni tatu: polyesta, ambayo ndiyo hutengenezewa chupa za maji ya kunywa, polipropilini na polithini, mradi ziwe hazina rangi wala mipako. Plastiki hizi huitwa thabiti kwa sababu hazihitaji vilainishi, yaani kemikali za kuifanya plastiki inyumbuke. PVC laini huvihitaji, na ndiyo maana jalada jipya la aina hiyo hunuka. Kadiri miaka inavyopita vilainishi hutoka, PVC yenyewe hutoa asidi ya hidrokloriki, na anayelifungua jalada la zamani hukuta herufi za fotokopi zimebanduka na kuhamia upande wa ndani wa plastiki, zikisomeka kinyumenyume. Kipande cha PVC hutambulika kwa waya wa shaba uliopashwa moto, ukagusishwa plastiki na kurudishwa katika mwali: mwali ukiwa wa kijani, klorini imo. Jaribio hilo hufanywa nje, kwani moshi wake ni sumu.

Njia inayostahili kujulikana zaidi ni ufumbataji, ambapo karatasi moja, tuseme ramani au barua, huwekwa kati ya vipande viwili vya polyesta vinavyounganishwa kingoni kwa utepe wenye gundi pande mbili au kwa joto, pakiachwa nafasi ya milimita chache ili gundi isiifikie karatasi. Karatasi haigandi popote; hushikiliwa na umemetuli tu, ule unaovuta nywele kwenye chanuo, na siku yoyote ukingo ukikatwa hutoka kama ilivyoingia. Umemetuli huohuo hung'oa chembe za mkaa na chaki, kwa hiyo michoro ya aina hiyo haifai kufumbatwa.

Ufumbataji usichanganywe na laminesheni ya kwenye maduka ya stesheneri, ambayo huyeyusha gundi ndani ya nyuzi za karatasi kwa joto na haiwezi kutenguliwa. Wazazi wengi hudhani wamekiokoa cheti cha mtoto, kumbe wamekifungia humo daima. Hata wataalamu waliwahi kuponzwa: nchini Marekani William Barrow alianzisha katika miaka ya 1930 laminesheni ya selulosi asetati, na nyaraka nyingi zilizopitia mashine zake zimewaachia warithi kazi ngumu ya kuzibandua.

Polyesta nayo haiponyi asidi. Karatasi yenye asidi ikizibwa pande zote bila kupunguzwa asidi kwanza huweza kuharibika upesi zaidi, na katika mji wa ufukweni mwa Ziwa Victoria kama Musoma, karatasi iliyofungwa ikiwa na unyevu huota ukungu ndani ya bahasha yake. Hivyo hukaushwa kwanza, na pembe moja au mbili huachwa wazi.

Zuio la plastiki lililoanza nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, si polyesta ya kuhifadhia nyaraka. Kikwazo cha polyesta hiyo ni bei, na kwa hiyo busara ni kuitenga kwa ajili ya karatasi mojamoja zinazoshikwashikwa mara nyingi, huku vitabu vikiwekwa katika maboksi ya kadibodi isiyo na asidi, kwenye rafu za chuma zilizoinuliwa sakafuni, mahali ambapo mchwa hupaswa kujenga njia inayoonekana kabla ya kuvifikia.