Kamera Bora za Filamu: Je, Zitadumu?

Mwaka 1925, katika maonyesho ya biashara mjini Leipzig, Ujerumani, kampuni ya Ernst Leitz ya Wetzlar ilitoa hadharani kamera ndogo iliyobuniwa na fundi wake, Oskar Barnack. Kamera hiyo, Leica, ilitumia filamu ya upana wa milimita 35, ile ile ya senema. Baadaye kamera za namna hiyo zikawa jembe la waandishi wa habari duniani kote. Swali linaloulizwa sasa ni hili: je, vyombo hivi vya thamani, pamoja na lenzi zake, vina maisha ya mbele, au vinangoja kupelekwa katika majumba ya makumbusho?

Dalili za msiba si haba. Mwaka 2005 Kyocera ya Japani ilitangaza kuacha kutengeneza kamera za Contax. Mwaka 2013 Hasselblad ya Uswidi ilikomesha 503CW, mjukuu wa 500C ya mwaka 1957. Canon ilitangaza mwisho wa mauzo ya EOS-1V mwaka 2018, na mwaka 2020 Nikon nayo ikaiaga F6.

Hata hivyo, kaburi hilo halijafukiwa. Filamu ya Ektachrome, ambayo Kodak iliiacha mwaka 2012, ilirudi sokoni mwaka 2018. Leica ilianza tena kutengeneza M6 mwaka 2022, na mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya ya filamu iitwayo Pentax 17. Ni dhahiri, basi, kwamba wanunuzi wangalipo.

Lakini ili kutabiri yajayo, yafaa tutenganishe lenzi na kamera. Lenzi ni vioo na chuma. Ikitunzwa vema hupita umri wa mwenyewe. Lenzi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Leica M3 ya mwaka 1954 huingia hata leo katika kamera za M za kidijiti. Hasselblad nayo mwaka 2024 ilitoa CFV 100C, kifaa cha kidijiti kinachoweza kushikizwa nyuma ya kamera zake nyingi za zamani. Kwa hiyo lenzi njema haitakosa kazi, hata filamu ikiadimika.

Kamera ina mambo yake. Ile inayoendeshwa kwa springi na magurudumu ya meno, kama M3, fundi hodari aweza kuifungua, kuisafisha, na hata kuchonga kipande kilichovunjika. Ile inayotegemea saketi za umeme haina bahati hiyo: saketi ikiungua, na aliyeitengeneza amekwisha kufunga kazi, fundi hana la kufanya ila kuivunja kamera nyingine ili apate kipuri. Huenda basi mzee wa mwaka 1954 akamzika kijana wa mwaka 2004, F6.

Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Filamu yaweza kutengenezwa upya kiwandani, kama tulivyoona. Lakini ujuzi wa mikono huchukua miaka kujifunza, na fundi anayefariki bila mwanafunzi huondoka nao. Kampuni zinazojivunia majina yao zingefanya jema kufundisha vijana na kuendelea kutoa vipuri, badala ya kuuza fahari tu.

Mwenye kamera naye ana wajibu. Kamera iliyofungiwa kabatini kama kito hukaukiwa mafuta, na lenzi iliyowekwa mahali penye unyevu huota kuvu linalokula vioo. Chombo cha kazi hudumu kwa kufanya kazi. Kitiwe filamu, kipige picha, kipelekwe kwa fundi angali hai; la sivyo, kitabaki pambo la tajiri, na pambo halisimulii habari za mtu yeyote.