Pumzi Ikirudi, Usimwache Mgonjwa

Dawa za jamii ya afyuni tunazifahamu kwa sura mbili. Mofini humpunguzia maumivu mgonjwa wa saratani. Heroini, ambayo vijana huiita unga, imeharibu nyumba nyingi, hasa katika miji ya pwani. Jamii hiyo ina pia pethidini, kodeini, tramadoli na methadoni. Zote zina hatari moja: zikizidi kipimo, hulegeza sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua.

Dalili zake ni hizi: mtu haamki hata akiitwa na kutikiswa; anapumua polepole mno au kwa kukoroma; mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano; midomo na kucha zimegeuka rangi ya kijivu. Moyo huendelea kupiga kwa muda, lakini ukikosa hewa nao husimama.

Dawa inayozipinga huitwa naloksoni. Hutolewa kwa sindano au kwa kupulizwa puani. Huiondoa mofini au heroini mahali ilipojishikiza katika ubongo, na ikipitishwa kwenye mshipa, pumzi huweza kurudi katika dakika chache. Haiondoi ulevi wa pombe wala wa vidonge vya usingizi.

Kuna mambo mawili ambayo jamaa wa mgonjwa wanapaswa kuyajua.

Kwanza, moyo. Mtu aliyezoea dawa hizi akizinduliwa ghafla, mwili hushtuka. Hutoka jasho, hutapika, moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Mara chache moyo hupiga ovyo, au mapafu hujaa maji. Ndiyo sababu daktari humsaidia kwanza kupata hewa, kisha hutoa naloksoni kidogo kidogo. Lengo ni mgonjwa apumue vizuri, si lazima aamke na kuzungumza. Lakini hofu hiyo isiwafanye mkatae dawa, maana asiyepumua hufa katika dakika chache.

Pili, muda. Nguvu ya naloksoni hudumu kama dakika 30 hadi 90 tu, lakini methadoni hukaa mwilini kwa saa nyingi. Basi mgonjwa aliyeamka, akaomba maji na kutaka kurudi nyumbani, anaweza kulala tena na pumzi ikakatika usiku huo huo. Msimchukue mpaka daktari amruhusu.

Mkimkuta mtu katika hali hiyo nyumbani, iteni msaada mara moja. Kama hapumui, mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua na mpulizieni hewa mdomoni, pumzi moja kila sekunde 5. Kama anapumua, mlazeni ubavu ili matapishi yasimpalie. Msimpe maziwa wala maji, na msimwache peke yake mkisema, "Mwacheni alale." Mkifika hospitali, semeni wazi alichotumia. Aibu ya familia isigharimu uhai wa mtoto wenu.

Mwisho, msiiogope mofini iliyopimwa na daktari. Kumnyima mgonjwa wa saratani ni kumtesa bure. Fuateni kipimo, msiongeze kwa kukisia, na chupa ifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki.